Walimwita Mtoto Mpole

Siku moja kabla ya mambo kuharibika nilikuwa nakata sare za shule. Nilikuwa nimetandaza kitambaa cha buluu juu ya meza mbele ya nyumba, kando ya njia inayopanda kwenda soko la Bule, na kila mama aliyepita na kikapu cha kabichi kichwani alisimama kidogo kuuliza kama nguo ya mwanawe iko tayari. Ukungu ulikuwa umeanza kuachia mikaratusi. Mdogo wangu Furaha alikaa kwenye kigoda akimenya viazi, na mwanawe Ombeni, aliyekuwa bado ananyonya, alilala mgongoni mwake ndani ya kikwembe. Ombeni alikuwa anakohoa tangu mwanzo wa juma. Mume wa Furaha alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Mongbwalu, na hatukuwa na habari zake.

Chini ya meza alikaa Riziki, binti wa Furaha, aliyekaribia kutimiza miaka mitatu. Aliongea tangu anapofumbua macho hadi usingizi unapomkatiza katikati ya neno. Siku ile alikuwa anaokota vipande vya kitambaa vilivyoanguka na kuviuliza majina.

"Mama mukubwa, hii ni nini?"

"Ni makasi. Achana nayo."

"Inakula nini?"

"Inakula kitambaa."

"Inashiba?"

Furaha, aliyeniita Yaya kwa kuwa mimi ndiye dada yake mkubwa, alicheka hadi kiazi kikamponyoka. "Yaya, ukimaliza sare ya batoto ya watu, umushonee huyu kifuniko ya kinywa."

"Kitambaa yote ya soko haitatosha," nilimjibu.

Riziki alitaka kujua kifuniko hicho kitakuwa cha rangi gani. Tulicheka tena. Nimeandika mazungumzo haya kama yalivyokuwa, kwa sababu ndiyo ya mwisho niliyoyasikia kutoka kwa mtoto yule kwa muda mrefu sana, na kwa sababu nikitaka kueleza kilichopotea sina kipimo kingine.

Watu wa silaha walikuja alfajiri ya siku iliyofuata.

Watu wa vilima vyetu walikuwa wamekimbia mara nyingi kabla ya hapo, na kukimbia kulikuwa na utaratibu wake. Vijana waliondoka na mbuzi kwa njia ya juu. Wazee na wanawake wenye watoto walishuka bondeni, ndani ya mafunjo, mahali ambapo maji hufika magotini na mtu akichutama haonekani. Huko pia kulikuwa na mpangilio. Wenye watoto wakubwa walikaa katikati, pamoja. Mwenye mtoto mchanga alikaa pembeni. Mtoto akianza kulia, mama aliinuka mwenyewe na kwenda mbali zaidi, ili watu wa silaha wakisikia wamfuate yeye peke yake. Hakuna aliyekaa akatufundisha. Mama yetu aliwahi kukaa pembeni kwa ajili yangu, na baadaye kwa ajili ya Furaha. Hatukuuona kuwa ukatili. Ulikuwa utaratibu, kama ule wa kupanga foleni kisimani.

Tulikuwa tumekwisha kukaa majini wakati Ombeni alipokohoa.

Jirani yetu Mama Dorika alikuwa katikati na wajukuu zake. Aligeuka. Hakuwa mtu mbaya, na sauti yake haikuwa mbaya.

"Mama Riziki," alisema, "mutoto anakohoa."

Furaha aliinuka. Nilimfunga Riziki mgongoni kwangu na kwenda naye. Tulipita mafunjo hadi mahali palipo na kichuguu cha udongo, mbali na wengine, tukakaa.

Tulisikia mabati yakigongwa kule juu. Kisha sauti za watu, karibu.

Ombeni alikohoa tena.

Furaha alimtoa mgongoni, akampa ziwa. Alilikataa. Pua yake ilikuwa imeziba, na hakuweza kunyonya na kupumua kwa pamoja. Akaanza kulia.

Furaha aliweka mkono.

Juu ya mkono aliweka pindo la kikwembe.

Walipita kwenye ukingo. Niliona buti, na buti nyingine, na mmoja aliyevaa ndala. Yule wa ndala aliuliza kama kuna aliyekumbuka kuchukua chumvi. Mwingine akamjibu kwamba iko kwenye gunia.

Pumzi ya Riziki ilikuwa shingoni kwangu. Kisha sikuihisi tena. Alikuwa anaizuia. Kidevu chake kilikuwa juu ya bega langu, na uso wake ulimwelekea mama yake.

Sauti zilikwenda mbali.

Furaha aliondoa mkono. Ombeni alikuwa na joto bado. Hakuwa anapumua.

Tulimfanyia yote tuliyoyajua. Furaha alimpulizia mdomoni, akamgeuza, akampigapiga mgongoni. Alifanya hivyo muda mrefu kuliko ilivyofaa, nami sikumzuia.

Nimelifikiria jambo hili kwa miaka, kwa utulivu kadiri ninavyoweza. Mtoto alikuwa mgonjwa wa kifua. Tulikuwa ndani ya maji ya baridi. Sijui kama ni kifua au ni mkono, na hakuna mtu duniani anayeweza kupima sasa. Furaha peke yake hakuwa na shaka. Alikitazama kiganja chake cha kulia, akakigeuza, akakitazama upande wa pili.

"Yaya," alisema, "beba Riziki weye."

Nilichimba kwenye ukingo kwa makasi yangu, kwa kuwa ndicho chuma pekee nilichokuwa nimekiokoa, na kwa mikono. Hatukuchimba sana. Kisha tulifuata wengine kuelekea Bunia.

Bunia walitupa nafasi kwenye site, kambi ya waliokimbia, pembeni mwa mji, ambako vibanda vya bache, yaani turubai nyeupe, vilisongamana kiasi kwamba jirani akipiga chafya wewe ndiye unayemwombea. Familia zilizotoka bondeni pamoja zilipewa safu moja. Mama Dorika alikuwa upande wa pili wa njia yetu, hatua chache tu. Mimi nilipata kazi ya kupindia nguo kwa mkono kwa fundi mmoja mwenye cherehani mjini, na nilikuwa naileta kazi kibandani.

Furaha alifanya kazi kuliko mtu yeyote niliyemjua. Alichota maji, alitafuta kuni, alilima mashamba ya watu, alipika. Wanawake walisema, "Mama Riziki iko nguvu." Nami nilisema hivyo. Hakulia. Hakumtaja Ombeni. Usiku nikigeuka nilimkuta amekaa, macho wazi, mikono ameibana katikati ya magoti. Uso wake haukuwa wa huzuni. Haukuwa na kitu. Ukimwambia jambo la kuchekesha au la kuumiza, ulibaki vilevile.

Ilinichukua muda kuona kwamba hamgusi Riziki. Alimpikia, akaweka sahani chini na kuisukuma kwa mwiko mpaka ikamfikia mtoto. Alimwogesha kwa kummiminia maji kutoka juu, akaniachia mimi sabuni. Tukienda kwenye foleni, Riziki alishika gauni langu. Nilidhani ni uchovu.

Naye Riziki alikuwa amenyamaza.

Hapo ndipo lilipokuwa kosa letu, na lilikuwa kosa la safu nzima. Sidhani watu wengine wangelifanya kwa moyo safi kama sisi. Watu waliotoka mafunjoni wanajua thamani ya mtoto asiyelia. Kila mwanamke pale alikuwa amewahi kuomba Mungu afunge kinywa cha mwanawe kwa muda wa dakika chache. Na huyu hapa alikuwa mtoto asiyetoa sauti mchana wala usiku, aliyekaa pale unapomweka na kula unachompa. Walimwita mtoto mpole. Walimpa mahindi ya kuchoma kama zawadi.

"Angalieni Riziki," Mama Dorika aliwaambia wajukuu zake walipogombana. "Mumewahi kumusikia? Nyinyi mutatuua sisi wote, na kelele kama ya kanga."

"Lakini Koko, Riziki hachezake," mmoja wa wajukuu alisema.

"Njo adabu hiyo. Ukue kama yeye."

Tulimpeleka kwenye chumba cha maombi. Alipiga magoti tulipomwambia, akafumba macho, akabaki hivyo bila kujikuna hata nzi walipomtua usoni. Mchungaji alimsifu mbele ya watu. Nilirudi nyumbani nikijivunia kidogo.

Mimi niliacha shule nikiwa darasa la tano, lakini tangu hapo sijaacha kusoma. Nasoma kinachopatikana: karatasi za kufungia sabuni, vitabu vya shule vilivyochanika, maelezo ya dawa. Pale sokoni niliwahi kupata kitabu cha Kifaransa cha wanafunzi wa uuguzi, nami nilikisoma polepole, nikiuliza maneno. Sura ya watoto ilieleza meno, uzito, chanjo, na mwezi ambao mtoto anatakiwa kusimama. Riziki alikuwa amekwisha kusimama. Meno yalikuwa kamili. Sikuona kosa. Hatimaye nilijiuliza kama masikio ndiyo yaliyoharibika, nikaamua kumpima. Nilisubiri anipe mgongo, nikaangusha makasi juu ya kopo tupu.

Hakugeuka. Alilala chini kifudifudi, mikono ubavuni, uso udongoni. Alibaki hapo mpaka nilipomwinua.

Alikuwa anasikia vizuri sana.

Baada ya hapo nilianza kumtazama kwa namna nyingine, kama ninavyotazama nguo iliyorudishwa na mteja. Alikuwa anakojoa kitandani, jambo alilokuwa ameliacha kabla ya kukimbia. Kijiko alikishika kwa ngumi, kama mtoto wa mwaka mmoja. Watoto wa rika lake walikuwa wanahesabu, wanaimba, wanadanganya. Yeye alikuwa anarudi nyuma. Alikuwa na mchezo mmoja tu. Alichukua kigunzi cha mahindi, akakifunga kwa kitambaa, akakiweka mapajani, akakifunika kwa kiganja upande wa juu. Kisha aliangalia mbali, akasubiri. Baadaye aliondoa kiganja na kukitazama kigunzi.

Nilipouona mchezo ule mara ya kwanza nilikaa chini, nikashindwa kuendelea na kazi.

Kilichonitoa pale ni mbabula, jiko letu la makaa. Furaha alikuwa anapika sombe mbele ya kibanda. Mimi nilikuwa napindia, kichwa kimeinama, nikasikia harufu ambayo haikuwa ya mboga. Riziki alikuwa ameegemea ukingo wa mbabula kwa kiganja. Aliuondoa mkono, akasimama akiwa ameunyoosha mbele. Ngozi ilikuwa imebaki kwenye bati.

Hakutoa sauti. Alimtazama mama yake usoni.

Furaha alimtazama yeye. Uso wake haukubadilika. Midomo yake ilifunguka kidogo, ikajifunga. Mikono yake aliiweka nyuma ya mgongo.

Walitazamana hivyo, mtu na mwanawe, na mimi nikawa wa kwanza kupiga kelele.

Mama Dorika alikuja mbio. Aliona kiganja, akashika kichwa. "Na hakulia," alisema. "Ona mutoto ya nguvu." Kisha akaniangalia. Nadhani aliona kitu usoni kwangu, maana hakurudia.

Kwenye kituo cha afya walimfunga mkono, na muuguzi akatuelekeza kwenye kibanda kilicho nyuma, wanachokiita maison d'écoute, nyumba ya kusikiliza. Alikaa humo mwanamke wa makamo, Madame Adèle, mwenye kiatu kimoja kilichotatuka ubavuni. Nilimweka Riziki kwenye mkeka, nikaanza kueleza kwa mpangilio.

"Mutoto haseme. Anasikia, nimemupima."

"Umemupima na nini?"

"Na makasi."

Alitabasamu. "Eh, docteur. Na mama yake?"

"Mama iko muzima. Anafanya kazi yote."

"Nimekuuliza kama anafanya kazi?"

Hapo nilimweleza habari ya uso, na ya sahani na mwiko. Sikumweleza ya mafunjoni. Hiyo haikuwa yangu ya kusema.

"Sikia, mama," alisema. "Mutoto mudogo anauliza kila kitu kwa uso ya mama yake. Akianguka, hajue bado kama ameumia. Anaangalia kwanza mama. Mama akishtuka, analia. Mama akicheka, anaamuka. Njo vile anajifunza maumivu ni nini, hatari ni nini, hata maneno ni ya kazi gani. Huyu wako anauliza, uso haimujibu. Atauliza mara ngapi? Kisha anaacha."

"Nimekuleteya mutoto," nilisema. "Si mama."

"Ulete wote wawili. Ukileta mutoto tu, nitamuchezesha hapa asubuhi, na magaribi atarudia ku ile uso."

Nilitembea kurudi site nikiwa na hasira. Niliona kwamba Adèle anamtwika mdogo wangu mzigo mwingine. Hasira ilipoisha nilikumbuka kiganja kilichonyooshwa, na mtoto akisubiri jibu, nikajua kwamba nimeliona kwa macho yangu jambo lile analolisema.

Furaha alikataa kwa muda mrefu. "Miye siko na bazimu," alisema. Alikubali siku nilipomwonyesha mchezo wa kigunzi. Sikumwambia kitu, nilimvuta tu mpaka nyuma ya kibanda akaona. Kesho yake alinawa miguu, akavaa viatu, akaniuliza njia.

Alikwenda kila juma. Wakati mwingine niliketi nje na Riziki, nikisikia ukimya wa watu wawili kupitia bache. Kisha siku moja nilimsikia Furaha akilia, kilio cha kutoka tumboni, na nikamwona Riziki anageuza kichwa kuelekea kule, macho yamemtoka. Miezi ilipita. Furaha alianza kulala. Alianza kulitaja jina la Ombeni. Lakini kumgusa binti yake hakuweza, na alimwambia Adèle sababu yake mbele yangu.

"Nitamugusa na nini? Mikono ni hizi tu niko nazo."

Adèle hakumwambia kwamba mikono yake ni safi, wala kwamba Mungu amesamehe. Wengi walikuwa wamemwambia hayo. Aliuliza tu kama kuna kazi ambayo mama humfanyia mtoto bila kumwona uso.

"Kusuka," nilisema.

Kule Bule, Furaha alijulikana kwa kusuka kwa uzi. Kila fungu la nywele alilizungushia uzi mweusi kwa mkazo, mpaka likasimama lenyewe. Wasichana walimwogopa kwa mkono wake mzito, na bado walipanga foleni siku ya Jumamosi. Nywele za Riziki nilikuwa nazinyoa kwa sababu hakuna aliyezishika. Tuliziacha ziote. Nami nilianza kuweka akiba ya mabaki ya uzi mweusi kutoka kazini.

Siku ya kwanza Furaha alizungushia uzi fungu moja, akainuka akaenda kuchota maji ambayo hatukuyahitaji. Siku nyingine, mafungu mawili. Riziki alikaa katikati ya magoti ya mama yake, mgongo umenyooka, akitazama mbele. Nilikaa upande nikipindia, nikikata uzi kila Furaha aliponyoosha mkono kwangu. Wiki kadhaa zilikwenda hivyo, na ungetupita njiani ungedhani ni familia ya kawaida.

Kisha alasiri moja Furaha alifika kwenye nywele za karibu na sikio, mahali panapouma kuliko pote. Alivuta.

"Ayi," alisema Riziki. "Mama, inauma."

Akalia. Sauti ilitoka nzito, yenye kukwaruza, kama ya mtoto mwenye kifua.

Niliuona mkono wa kulia wa Furaha ukiacha nywele.

Ulikwenda mbele. Ulipita sikio, ukapita shavu.

Ulifika kwenye kidevu.

Riziki alinyamaza. Alizuia pumzi, niliona mabega yake yamepanda na kubaki juu.

Furaha aliurudisha mkono. Aliutazama. Kisha akaichukua mikono yake yote miwili, akaiweka chini ya mapaja, akaikalia.

"Lia," alisema. "Lia, mama. Hapa hakuna mutu."

Riziki hakulia. Alisubiri. Halafu, polepole, aligeuza kichwa, na uzi ambao haujafungwa ukaning'inia, akamwangalia mama yake usoni.

Uso wa Furaha ulikuwa unatetemeka wote. Mdomo ulikuwa wazi, machozi na kamasi vinashuka, na hakuwa na mkono wa kuvifuta.

Riziki aliutazama vizuri. Ndipo akalia, kwa nguvu zote, mpaka vibanda vya jirani vikanyamaza.

"Nani anachapa mutoto huko?" Mama Dorika aliita kutoka upande wa pili. Alivuka njia akiwa na mwiko mkononi, tayari kwa ugomvi. Alifika mlangoni. Alimwona Furaha amekalia mikono yake, na mtoto analia, na mimi nimeshika makasi bila kukata kitu. Alisimama. Nadhani alielewa mara moja, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa katikati ya mafunjo akasema mtoto anakohoa. Aliketi chini kwenye kizingiti, akaweka mwiko mapajani. Riziki alilia mpaka akachoka, na akalala akiwa ameegemea paja la mama yake, nusu ya kichwa imesukwa.

Ningependa kumalizia hapo, lakini haingekuwa kweli.

Leo Riziki yuko shuleni, darasa moja na watoto wanaomfika begani. Anaongea ukimsemesha. Maneno yake ni machache na yako sawasawa, kama mtu anayelipia kila moja. Kusoma kunamjia taratibu, na namba zinampotea akiwa katikati. Mwalimu wake aliniambia ni mtoto mpole, nikamwomba, kwa heshima, asimsifie hilo. Tukisikia mlio wa risasi upande wa Djugu, na bado tunausikia, analala chini kabla sisi wengine hatujainua kichwa. Furaha anamsuka kila Jumamosi. Siku nyingine anamshika shavu. Siku nyingine namkuta ameikalia mikono, na namwacha.

Nimekuwa nikijaribu kupima hasara yetu kama mtu anayepima kitambaa, na haipimiki hivyo. Ukiuliza ni wangapi tuliowapoteza mafunjoni, watu watakujibu mmoja, na hata mimi nikiulizwa kwenye ofisi nasema mmoja. Kaburi lake hatuwezi kulifikia. Wanasema maji yalipanda na ukingo ulimeguka. Lakini kuna mtoto mwingine, aliyekaa chini ya meza akataka kujua kama makasi hushiba. Huyo hakufa, na hatujampata tena. Aliye nasi tunampenda kama alivyo. Ameufanya uso wa mama yake urudi kufanya kazi, na sijui mtoto wa kawaida anayeweza hilo. Hata hivyo wakati mwingine naangusha makasi kwa bahati mbaya, na kabla hayajagusa chini nimekwisha kuogopa.

Juma lililopita watu wapya waliingia kwenye safu yetu, wametoka vilima vilevile. Tuliwatandikia mkeka mbele ya kibanda cha Mama Dorika, tukawapa uji. Mmoja alikuwa msichana mdogo, mama wa mtoto mchanga. Mtoto alikuwa na homa na alikuwa analia. Msichana yule hakukaa na wengine. Aliinuka na bakuli lake, akaenda mpaka mwisho wa njia, penye mtaro, akachutama huko peke yake, ametupa mgongo.

Tulimwona sote. Mama Dorika ndiye aliyeinuka. Ni mzee sasa, na magoti yanamsumbua. Alitembea mpaka mtaroni, akasimama mbele ya yule msichana.

"Kuya katikati," alimwambia.

"Analia, Koko. Atawasumbua."

"Nimesikia kama analia. Kuya."

Alimshika mkono, akamleta, akasukuma watu kwa mguu mpaka pakapatikana nafasi katikati ya mkeka, karibu na Furaha. Mtoto aliendelea kulia. Hakuna aliyemwambia mama yake amnyamazishe. Niliona Furaha ameshika kikombe chake kwa mikono miwili, kwa nguvu, akikitazama kinywa cha mtoto yule kilichokuwa wazi.

Riziki aliacha kula. Alimwangalia mama yake usoni, kwa muda. Kisha akarudi kwenye uji wake.